Bastola Ikikuuma Kiunoni Utaivua, na Hapo Ndipo Hatari Inapoanzia

Wamiliki wa bastola wenye leseni hapa Kenya wakikutana, mazungumzo huwa ni ya bastola yenyewe: Glock au CZ, inabeba risasi ngapi, imegharimu kiasi gani. Holsta, yaani ala ya kuibebea, hununuliwa mwisho, kwa pesa zilizobaki. Naona tunaanzia mkiani. Bastola huenda usiifyatue maishani mwako nje ya uwanja wa kulenga shabaha, na Mungu ajalie iwe hivyo. Holsta utashinda nayo kutwa nzima, ukiendesha gari, ukikaa mkutanini, ukiinama kumbeba mtoto.

Glock 19 yenye risasi 15 ina uzito wa karibu gramu 850. Uzito huo ukigandamiza mfupa wa nyonga tangu asubuhi, ifikapo alasiri mtu ataivua tu. Ataiweka chini ya kiti cha gari, au kwenye droo ya ofisini, au ataianza siku kwa kuiacha nyumbani juu ya kabati. Bastola iliyo mbali na mwili wa mwenyewe ndiyo inayoibwa, ndiyo inayosahauliwa, ndiyo inayookotwa na mtoto. Ikipotea, utajieleza kwa polisi na kwa Bodi ya Leseni za Silaha, na kama imeshamdhuru mtu hakuna maelezo yatakayotosha. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia kwamba kutafuta holsta isiyoumiza ni kujidekeza. Holsta isiyoumiza hubaki mwilini, na bastola iliyo mwilini iko chini ya ulinzi.

Liko sharti moja tu linalotangulia starehe: holsta ifunike kifyatulio chote, kwa kitu kigumu kisichobonyea. Novemba 2008, Plaxico Burress, mchezaji wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya New York Giants aliyekuwa ametwaa ubingwa wa Super Bowl mapema mwaka huohuo, aliingia klabu ya usiku mjini New York na Glock aliyoichomeka kiunoni mwa suruali bila holsta yoyote. Ikateleza kuelekea mguuni, akawahi kuidaka, ikafyatuka na kumjeruhi paja. Hakuwa na leseni halali ya huko, na mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Glock za kawaida hazina kizuizi cha usalama cha pembeni cha kuwasha na kuzima kwa kidole gumba. Kilichobaki kati yako na risasi ni kifyatulio na kile kinachokifunika. Kwa hiyo zile holsta laini za nailoni zinazodaiwa kutoshea kila bastola, mimi nazikataa hata kama zinakaa mwilini kama pamba. Ngozi nzuri naikubali, ila ichunguzwe mara kwa mara: ikichakaa, mdomo wake hujikunja kwa ndani, na mkunjo huo unaweza kubonyeza kifyatulio wakati wa kurudisha bastola.

Sharti hilo likitimia, anza na mkanda kabla hujatazama holsta. Wengi wanaolalamika kwamba holsta inawaumiza, ukiangalia utakuta wamevaa mkanda mwembamba wa suti. Mkanda huo hupinda, bastola inaning'inia, mpini unatoka nje na kuchora shati, kisha mwenyewe anaukaza hadi tumbo linauma. Mkanda mgumu wa upana wa milimita 38 hivi husambaza uzito kiunoni kote, na huhitaji kuukaza sana. Kama unavaa holsta ya ndani ya suruali, nunua suruali iliyozidi kiuno chako kwa inchi moja au mbili. Hakuna holsta duniani itakayokaa vizuri ndani ya suruali iliyokubana tayari.

Mahali pa kuivaa ndipo ninapotofautiana na wengi. Mtindo unaosifiwa sana sasa, hasa na Wamarekani, ni wa kuivaa mbele, upande wa kulia wa kitovu. Unaficha vizuri na mkono unaifikia upesi. Lakini mtindo huo unamfaa mtu mwembamba anayesimama sana. Mwenye kitambi, anayekaa saa mbili kwenye foleni ya Mombasa Road, atachomwa tumboni na mpini na kuchomwa kinenani na mtutu. Kabari ya sponji inayobandikwa upande wa mtutu husaidia, kwa kuwa huusukuma mpini uelekee mwilini na kuutenga mtutu na nyama. Kwa mtu wa aina hiyo, hata hivyo, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga, holsta ikiwa imeinamishwa mbele kiasi, hukaa vizuri zaidi. Tatizo la hapo ni kiti cha gari na kifungo cha mkanda wa usalama, na ukiinama shati hupanda. Kwa hiyo jaribu ukiwa umekaa. Dukani kila mtu hujaribu akiwa amesimama mbele ya kioo, akaridhika, akalipa.

Holsta za begani sizipendi. Nyingi huelekeza mtutu nyuma, kwa aliyesimama kwenye foleni nyuma yako.

Kwa Mombasa au Kisumu, joto nalo lina usemi. Ngozi hunyonya jasho, na jasho hutia bastola kutu. Plastiki ngumu ya Kydex hainyonyi chochote, ila hukwaruza ngozi ya mwili. Fulana nyepesi ndani ya shati huondoa adha hiyo.

Akina mama huambiwa haraka kwamba suluhisho lao ni mkoba. Desemba 2014, katika duka la Walmart mjini Hayden, jimbo la Idaho, mtoto wa miaka miwili alifikia bastola iliyokuwa ndani ya mkoba wa mama yake na kumuua papo hapo. Mkoba huwekwa chini, huachwa kwenye toroli, hunyakuliwa barabarani. Mkanda mpana wa tumboni wenye kifuko kigumu cha kifyatulio huvaliwa hata chini ya gauni, na ingawa kuuzoea huchukua muda, bastola hubaki kwa mwenyewe.

Jambo jingine la hapa kwetu: utakabidhi bastola kwenye majengo mengi kabla ya kuingia. Chagua holsta yenye kibanio imara unachoweza kukifungua ukaitoa holsta nzima, bastola ikiwa bado ndani, kifyatulio kikiwa bado kimefunikwa. Kuchomoa bastola kutoka kwenye holsta mlangoni mbele ya watu kunawatisha, na kila kuchomoa na kurudisha ni nafasi nyingine ya ajali.

Ukishanunua holsta, ivae nyumbani kwanza, bastola ikiwa haina risasi na umeihakiki mara mbili, risasi zikiwa chumba kingine. Kula nayo, keti sofani, ingia garini, okota kitu sakafuni. Ukijikuta unaigusagusa kuiweka sawa, badilisha mwinamo au kimo chake, na ikishindikana irudishe dukani.