Cherehani ya mama mkubwa haikuwa ya kugawa

Jumamosi tulikuwa Tukuyu kuanua matanga, mvua inapiga turubai hatusikilizani, nikapewa mimi karatasi niisome kwa sauti eti kwa sababu ndo mwenye miwani. Wosia wa baba mkubwa. Kufika mstari wa saba nikanyamaza, watu wakadhani nalia.

Mzee alijitahidi, hilo sibishi. Kaandika kwa mkono wake, mashahidi wawili, tarehe ipo, saini ipo. Huku kwetu wangapi wanaogopa wosia kama vile ukiandika leo kesho unazikwa, halafu wanatuachia kesi Mahakama ya Mwanzo. Haya, hapo nampa. Shamba la chai wavulana, migomba wavulana, parachichi wavulana, mabinti "vyombo vya ndani" (na Sheria ya Ardhi ya Vijiji tangu 1999 inasema mila ya kumnyima mwanamke ardhi ni batili, lakini hiyo siku nyingine, nitapasuka kichwa). Baiskeli kwa huyu, redio kwa yule, koti la baridi kwa mdogo wake ambaye hata vifungo havifungi.

Mstari wa saba: cherehani na ng'ombe wa maziwa, mtoto wa kwanza.

Cherehani ya nani??

Mama mkubwa aliinunua kwa hela ya ndizi, zile alizokuwa anabeba kichwani alfajiri mpaka barabarani kusubiri magari ya Mbeya, kashonea sare nusu ya kijiji pamoja na kaptula yangu ya darasa la kwanza iliyonibana mpaka natembea kama bata. Ng'ombe naye katokana na mtamba aliopewa kwenye kikundi cha akina mama, ndama wa kwanza akamtoa kwa mwenzake kama walivyokubaliana. Mzee hakuwahi kumkatia hata majani. Labda Krismasi moja.

Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi, kuoana hakubadilishi umiliki, cha mke kinabaki cha mke. Wosia unagawa mali ya marehemu, basi. Ng'ombe wa jirani huwezi kumrithisha mtu, wa mkeo unawezaje? Nikauliza palepale. Baba mdogo akanijibu, "Mwanangu, neno la marehemu halijibiwi." Ahaa. Basi na mimi naandika wangu leo, nawagawia Mlima Rungwe, wewe chukua upande wa Kiwira.

Na mwenyewe mama mkubwa yumo humo, mstari wa mwisho, chini ya pampu ya kunyunyizia dawa: "Mama yenu mtamtunza." Miaka arobaini ya ndoa. Chini ya pampu.

Jana nimempigia simu. Kijana alikuja na bodaboda kufuata cherehani, akaambiwa asubiri, kuna sare hazijaisha. Sare za nani na shule zimefungwa, sikumuuliza.