Hisa za wanakijiji katika umeme wa upepo: hesabu ya pwani ya Tanga

Wazo lenyewe linavutia. Watu wa Kigombe, Tongoni au Kipumbwi wachange, wanunue mtambo wa kufua umeme kwa upepo, wausimamishe karibu na bahari, wauze umeme, kisha kila mwaka wagawane kinachobaki. Upepo haununuliwi, na pwani hii ina pepo zake zinazojulikana kwa majina na kwa miezi: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Anayeliunga mkono wazo hili anasema kijiji kitamiliki kitu chake badala ya kuwa mteja wa wengine milele. Anayelipinga anasema fedha za wavuvi na wakulima zitaozea kwenye chuma. Wote wawili wana hoja, ila mjadala huu hauamuliki bila namba.

Tuanze na upepo. Ngalawa hutembea vizuri kwa upepo wa mita 4 kwa sekunde, na ndiyo maana mtu wa pwani huamini kwamba upepo upo wa kutosha. Mtambo wa umeme una hesabu nyingine. Nguvu iliyomo kwenye upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo wake: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nane. Kwa hewa yetu ya joto, kila mita ya mraba ya duara la mapanga hupitiwa na wati 37 hivi upepo ukiwa mita 4 kwa sekunde, na karibu wati 300 ukifika mita 8. Wala nguvu yote hiyo haikamatiki. Mwanafizikia Mjerumani Albert Betz alionyesha tangu 1920 kwamba hakuna mapanga yanayoweza kuchukua zaidi ya asilimia 59.3, na mitambo midogo, ukitoa hasara za jenereta, waya na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa mtambo ufanane na ule wa gridi), huambulia asilimia 20 hadi 25.

Chukua mtambo wenye mapanga ya kipenyo cha mita 7. Ukipata wastani wa mwaka wa mita 5 kwa sekunde, utatoa takriban uniti 10,000 kwa mwaka. Wastani ukiwa mita 4, utatoa uniti 5,000 na ushei. Tofauti ya mita moja, ambayo mtu aliyesimama ufukweni hawezi kuitambua usoni mwake, inakata mapato nusu. Kuna pia miezi ya maleleji, pepo zinapobadilishana zamu, ambapo mapanga yanaweza kusimama siku kadhaa mfululizo.

Halafu kuna minazi. Kanuni inayotumiwa na mafundi wa mitambo midogo ni kwamba ncha ya chini ya panga iwe juu kwa mita 10 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 150, kwa sababu upepo uliopita kwenye matawi huwa umevurugika: una mwendo mdogo, na mtikisiko wake hula beringi. Mnazi wa mita 20, ongeza mita 10, ongeza nusu ya kipenyo cha mapanga, unapata mlingoti wa karibu mita 34. Hapo ndipo bajeti nyingi huvunjika, kwa kuwa mnunuzi huwa amepigia hesabu mtambo pamoja na mlingoti wa mita 12 uliokuja nao. Mtambo mzuri kwenye mlingoti mfupi katikati ya shamba la minazi ni fedha iliyopotea. Kuusogeza hadi kwenye mchanga nako hakuruhusiwi kiholela, maana Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari.

Sasa fedha. Tuseme, kwa mfano tu, wanachama 200 wanachanga shilingi 300,000 kila mmoja. Hizo ni milioni 60, na tuseme zinatosha kwa mtambo huo wa mita 7, mlingoti, msingi, inveta na usafirishaji. Umeme wauuze wapi? Mteja mdogo wa nyumbani kwenye daraja la D1 hulipa TANESCO shilingi 100 kwa uniti kwa uniti 75 za kwanza za mwezi. Hakuna mtambo wa upepo wa kijiji unaoweza kushindana na bei hiyo, na kusema kweli haufai kujaribu. Mwenye biashara wa daraja la T1, kama kiwanda kidogo cha barafu, hulipa shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Basi ukimuuzia yeye uniti zote 10,000 kwa bei hiyohiyo, unapata milioni 2.92 kwa mwaka. Ukitenga asilimia 4 ya mtaji kwa matengenezo, yaani milioni 2.4, inabaki shilingi 520,000. Mgawo wa kila mwanachama ni shilingi 2,600. Na wastani wa upepo ukiwa mita 4, mapato hayafikii hata fungu la matengenezo.

Linganisha na jambo lililofanyika papa hapa Tanga. Mwaka 2024 mamlaka ya maji, Tanga UWASA, iliuza hati fungani ya kijani ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5, ikilenga shilingi bilioni 53.12, na wawekezaji wakaleta zaidi ya lengo. Shilingi 300,000 kwenye riba hiyo huzaa 40,500 kwa mwaka bila mtu kupanda mlingoti. Naitaja kwa sababu inajibu swali ambalo wanachama huulizana kwa sauti ya chini: je, fedha ya mwananchi inaweza kuingia kwenye miundombinu ya mkoa wake na kurudi salama? Inaweza, mradi mapato yawe na chanzo cha uhakika, na bili za maji ni chanzo cha namna hiyo.

Je, hesabu hizi zinaua wazo lote? Hapana. Zinaua umbo moja tu la wazo: mtambo mdogo ulionunuliwa kwa ajili ya gawio.

Upepo una faida ambayo hesabu ya mwaka mzima huificha. Mabwawa ya kufua umeme ya mto Pangani, likiwemo Hale na lile la Maporomoko Mapya ya Pangani lenye uwezo wa megawati 68, hupungukiwa maji wakati wa kiangazi, na Januari na Februari, mvua zikiwa zimekatika, kaskazi ndipo inapovuma. Kusi nayo huvuma katika miezi ambayo jua letu limepoa kidogo. Mradi wa Mwenga kule Mufindi ulijengwa kwa mantiki hiyo: mitambo mitatu ya kilowati 800, jumla megawati 2.4, iliyowekwa kuusaidia mtambo wa maji wa megawati 4 ambao tayari ulikuwa na nyaya zake na wateja wake vijijini. Upepo uliingia kwenye nyumba iliyokwisha kuezekwa. Kijiji cha pwani kinachoanza na mtambo kabla ya kuwa na mteja kinaanza na paa kabla ya nguzo.

Upande wa ufundi, pwani ni mahali pagumu. Chumvi huingia kila mahali. Mlingoti wa chuma kilichopakwa rangi tu hautadumu. Unatakiwa uwe umechovywa zinki ya moto, na bolti ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316, si 304. Waya za kuushikilia mlingoti hukatika kutokea ndani, pale zinapobanwa na klipu, kabla kutu haijaonekana nje. Kwa hiyo chagua mlingoti unaoweza kulazwa kwa winchi na uulaze kila baada ya miezi sita: kaza bolti, weka grisi kwenye beringi ya shafti na ile ya kugeukia upepo, safisha brashi na pete zinazopitisha umeme, kagua ukingo wa mbele wa mapanga ambao mchanga huukwangua. Ukichagua mlingoti usiolazika, kila ukaguzi utahitaji mpandaji mwenye mkanda na uzoefu, na ukaguzi utaanza kuahirishwa.

Hitilafu inayoua mitambo mingi hutokea umeme wa gridi unapokatika. Inveta iliyounganishwa na gridi hujizima ndani ya sekunde chache ili fundi wa TANESCO asipigwe na umeme kwenye waya anaodhani umekufa. Hapo jenereta inabaki bila mzigo, na mapanga yasiyo na mzigo huongeza kasi hadi yavunjike, hasa kusi ikiwa kali. Dawa yake ni kipingamizi kinachopokea umeme huo papo hapo na kuugeuza joto, pamoja na breki ya pili isiyotegemea umeme. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha vitu hivyo viwili kwenye mchoro, usimlipe.

Na hapa jua linaingia. Kilowati 1 ya paneli hapa Tanga hutoa takriban uniti 1,400 kwa mwaka, kwa hiyo uniti 10,000 zilezile hupatikana kwa kilowati 7 hivi, sawa na paneli 13 za wati 550 juu ya paa la kiwanda cha barafu. Hakuna beringi wala mlingoti. Kwa kiwango hiki kidogo naona jua linashinda waziwazi. Upepo unapata nafasi kama nyongeza ya usiku na ya siku za mawingu, au kwa kiwango kikubwa zaidi.

Kiwango kikubwa ndiko mjadala wa hisa unakokuwa wa maana. Mtambo mmoja kama wa Mwenga ni mabilioni ya shilingi, na michango ya kijiji haiufikii. Ila kijiji kina ardhi. Kinangop, Kenya, mradi wa megawati 60 ulifutwa 2016 baada ya upinzani wa wakazi, na ardhi ilikuwa kiini cha ugomvi. Denmark walikwenda njia nyingine: mitambo 20 ya Middelgrunden, mbele ya Copenhagen, ilianza kazi 2001, nusu ikimilikiwa na chama cha ushirika chenye wanachama wapatao 8,500. Kila hisa ilipimwa kwa uniti 1,000 za umeme kwa mwaka, kwa hiyo mwanachama alijua ananunua nini. Lakini walikuwa na jiji zima la wateja kilomita chache tu kutoka hapo, pamoja na sheria iliyolinda bei. Kwetu gridi sasa ina bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, na muuzaji mdogo hana nguvu ya kupanga bei.

Kwa hiyo kijiji kinachotaka kuendelea kianze na kipimo. Kisajili chama chini ya Sheria ya Ushirika ya 2013. Mchango wa kwanza uwe mdogo, wa mlingoti wa vipimo tu: vipimaupepo viwili, kimoja mita 20 na kingine mita 40, kielekezi cha upepo, na kinasa data kinachoandika wastani kila dakika 10, kwa miezi 12 bila kuruka. Tofauti ya vimo hivyo viwili ndiyo itakayoonyesha kama mlingoti mrefu utajilipa. Data iwe mali ya chama, na nakala iwekwe ofisi ya kijiji. Yeyote atakayekuja baadaye kutaka ardhi atakuta kijiji kina namba zake, na mazungumzo ya kodi ya kila mtambo na asilimia ya mauzo yatakuwa tofauti kabisa.

Mkutano mkuu uandike kwenye muhtasari, kabla ya senti ya kwanza kukusanywa, kikomo cha kuamua. Mimi ningeweka mita 5.5 kwa sekunde kwenye kimo cha mita 40. Chini ya hapo, kinachobaki kirudishwe kwa wanachama au kinunue paneli. Juu ya hapo, atafutwe mteja wa mchana aliye tayari kusaini mkataba wa miaka isiyopungua 7, na mkataba huo usomwe mbele ya wanachama wote kabla ya mtambo kuagizwa.