Masta ya Mtandaoni: Umesoma kwa Nani?

Kuna mtu anampigia simu mpwa wangu kila jioni. Si mposaji, ingawa kwa maneno yale matamu mama yake alikwisha kuanza kuuliza ni wa ukoo gani. Ni "mshauri wa masomo" wa masta ya mtandaoni ya chuo kikuu kimoja cha umma huko ng'ambo, chuo cha utafiti hasa, ambacho jina lake ukilitaja ofisini mtu hujiweka sawa kitini. Mshauri huyo amuuliza binti habari za nyumbani, amuuliza ameamkaje ilhali ni magharibi, kisha amkumbusha kwamba nafasi zinafungwa Ijumaa. Nafasi hizo zimekuwa zikifungwa Ijumaa tangu kaskazi.

Binti aliuliza swali moja, kwa barua pepe, kwa adabu zake zote: nikitaka kuandika tasnifu juu ya mikoko ya Lamu, nani atanisimamia? Likaja jibu lenye kiungo cha kulipia. Akauliza tena. Likaja jibu refu zaidi, lenye picha ya vijana wa kila rangi wakicheka chini ya mti, na maelezo ya kulipa karo kwa awamu. Aliposhikilia, akaambiwa jambo la msimamizi "litashughulikiwa baada ya usajili".

Baada ya usajili! Lipa kwanza, halafu tutaona kama mwalimu yupo.

Nililipeleka jambo hili barazani baada ya isha, nikiwa bado nimefura. Vijana wakaanza mambo yao: chuo hicho ni cha ngapi duniani, cheti kitaandikwa neno "mtandaoni" au hakitaandikwa, jamaa fulani wa Mombasa alipandishwa cheo nacho. Mzee mmoja, nahodha aliyestaafu, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Wasoma kwa simu, haya. Na mwalimu yuwapi?" Wakacheka wote. Mimi sikuona cha kuchekwa, kwa sababu hilo ndilo swali la mpwa wangu, neno kwa neno, na mzee hakuhitaji barua pepe kulifikia.

Mji huu wetu wa Lamu una desturi yake. Ukisema umesoma, watu hawakuulizi wapi. Wanakuuliza kwa nani. Watu walivuka bahari kutoka Komoro kuja Riyadha, msikiti wetu wa kusomea, na hawakuja kwa ajili ya jengo. Walimjia Habib Swaleh, ambaye alikaa akawafundisha hata wale ambao wakubwa wa mji hawakuona haja ya kuwafundisha. Hadi leo mwenye ijaza, idhini ya kufundisha, hutaja mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake, na mnyororo unapanda. Akija mtu na elimu isiyo na mwalimu, tunamkaribisha kahawa na tunabadilisha mazungumzo. Sasa vipi watu wale wale, ikifika masta ya shilingi milioni na zaidi, tunasahau kuuliza?

Badala yake tunatumiana majedwali. Kundi letu la WhatsApp, la walimu na wafanyakazi wa kaunti, limejaa majedwali ya vyuo bora duniani, yaliyopigwa rangi na kuzungushiwa duara nyekundu. Hebu tuyatazame vizuri. Chuo hupanda katika jedwali kwa wingi wa makala za utafiti, kwa mara ambazo makala hizo zimenukuliwa na wengine, kwa sifa miongoni mwa maprofesa wenzao. Kazi hiyo inafanywa na watu fulani, wenye maabara zao na wanafunzi wao wanaowaona kila wiki. Hao ndio waliokipandisha chuo. Unapojisajili kwa njia ya mtandao, je, unawapata hao? Au unapata video walizorekodi zamani, na kazi zako zinasahihishwa na kibarua aliyeajiriwa kwa muhula mmoja, ambaye hata barua pepe ya chuo hana? Jedwali haliwezi kukujibu, maana halikuundwa kujibu hilo.

Na yule mwenye sauti tamu, mara nyingi si mtu wa chuo. Kule Marekani vyuo vingi, vya umma vikiwemo, viliingia mikataba na kampuni za kuendesha programu za mtandaoni: kampuni inatengeneza tovuti, inatangaza, inawatafuta wanafunzi, na kwa malipo inachukua sehemu ya karo, mara nyingi nusu au zaidi. Sasa umeelewa kwa nini simu hailali. Mmojawapo wa vigogo wa biashara hiyo, kampuni ya 2U, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Julai 2024. Kwa hiyo kabla hujalipa senti, muulize anayekupigia: wewe mshahara wako unalipwa na nani? Akikohoa kidogo kabla ya kujibu, umekwisha kujibiwa.

Najua mtakaloniambia. Mtaniambia Georgia Tech. Haya, nakubali, kwa shingo upande. Chuo kile cha Atlanta, Marekani, ni cha umma na ni cha utafiti. Januari 2014 kilianzisha masta ya sayansi ya kompyuta mtandaoni kwa jumla ya karo isiyofika dola 7,000, kozi 10, masomo yakitungwa na maprofesa wake wenyewe, na cheti hakitaji mtandao popote. Maelfu wamemaliza. University of Texas at Austin ikafuata mwaka 2019 kwa dola 10,000. Hizo ni programu za haki, na kijana wa kompyuta akinijia leo nitamwambia ajaribu bahati yake huko. Lakini hata huko, wanafunzi wengi humaliza kwa kozi bila kuandika tasnifu. Na mwaka 2016 wanafunzi wa kozi moja ya akili unde pale Georgia Tech waliambiwa kwamba msaidizi wa mwalimu aliyekuwa akiwajibu maswali yao, aitwaye Jill Watson, alikuwa programu ya kompyuta. Muhula karibu wote walimwandikia wakidhani ni mtu. Mzee wetu angeambiwa hilo, angeomba apelekwe nyumbani.

Wala msinielewe kwamba nadharau kusoma kwa mbali. Wanaodharau ndio wanaoniudhi zaidi, hasa wale waliopata shahada zao Nairobi kwa kunakili notisi za wenzao. Mandela alipata shahada yake ya sheria kutoka UNISA, chuo cha kusoma kwa mbali cha Afrika Kusini, mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2019 kilitangaza kuachana na MBA yake, masta ya biashara, ya kutwa ya darasani na kushika ya mtandaoni. Na mwalimu wa Faza au Kiunga mwenye watoto wanne, mnataka aende kupanga chumba Ngara, Nairobi? Aache mshahara, aache wazee, akale mkate na chai miaka miwili ili mheshimiwa fulani aseme amesoma "kweli kweli"? Tusitaniane.

Pesa: karo ikitajwa kwa dola, jua kwamba unacheza kamari. Dola 10,000 mwanzoni mwa 2024 zilikuwa kama shilingi milioni 1.6, na miezi michache baadaye zikawa kama milioni 1.3. Safari hiyo ilitushukia kwa heri. Nyingine huenda ikapanda.

Saa: somo la moja kwa moja la saa kumi na mbili jioni kule Atlanta ni saa saba au saa nane ya usiku hapa. Chagua yenye masomo yaliyorekodiwa, au chagua ndoa.

Mtandao: Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Uliza kama mtihani hurudiwa.

Na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu: mwajiri atadai barua yake ya kutambua shahada ya nje, kwa hiyo chunguza kabla ya kulipa. Kwa hili mshauri mwenye sauti tamu atakwambia "hakuna shida". Yeye haombi kazi Mokowe, kwenye ofisi za kaunti.

Lakini yote hayo ni madogo. Kinachonichoma ni hili la utafiti, na naomba mnivumilie.

Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko hapa Lamu. Mwezi wa Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti nchini, wakata boriti wetu wakajikuta wamenaswa humo humo. Watu ambao babu zao walijua mti upi ni wa fito, upi wa mapau, upi uachwe ukue uwe nguzo, waliambiwa wakae kitako, na uamuzi ukaja kutoka mbali. Mwaka huo huo Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari. Juni 2019 mahakama ya rufaa za mazingira ikafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe Kwasasi. Katika kesi zote mbili ugomvi uliishia kwenye karatasi: nani alifanya tathmini, alimuuliza nani, na wenye bahari yao waliambiwa nini. Sisi tuliingia kwenye karatasi hizo kama watu wa kuhojiwa. "Mhojiwa wa 14, mvuvi, miaka 60." Mwenye kalamu alikuja na ndege ya asubuhi, akashukia Manda, akalala Shela, akaondoka. Makala yake ikitoka, kuisoma ni dola kadhaa.

Mpwa wangu hataki kuwa mhojiwa wa 14. Yeye huvuka kwa mashua kila asubuhi kwenda kazini Mokowe, ofisi yake ndiyo inayopokea ripoti za aina hiyo, na amechoka kuzitia sahihi bila kuweza kuzibishia. Anataka kujua jambo moja, lenye kupimika: mikoko ikikatwa boriti kwa utaratibu wa zamani, inarudi kwa kasi gani, na je, ni sawa kuiweka katika marufuku moja na msitu wa mlimani? Hilo ni swali la utafiti. Linataka mtu wa kumwambia vipimo vyako havitoshi, rudi majini. Linataka mtu atakayegombana naye juu ya sura ya pili mpaka sura ya pili isimame. Video haigombani na mtu.

Ndiyo maana nasema: chuo cha utafiti kinachokuuzia masta bila kukuonyesha mtafiti kinakuuzia jina tu. Kama shida yako ni cheti cha kutia kwenye faili, sawa, nunua jina, wengi wamefanya hivyo na wanakula vizuri. Ila usiite utafiti.

Hapa nyumbani nako nisipapambe. Tuna vyuo vya umma vinavyofundisha masta mtandaoni, tuna Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilichopewa hati yake Agosti 2023 kule Konza, tuna Pwani hapo Kilifi. Uzuri wake ni kwamba msimamizi anaijua NACOSTI, tume inayotoa vibali vya utafiti, anajua kibali kinaombwa vipi, na bahari yetu ameiona. Ubaya wake mnaujua kuliko mimi. Kuna wasimamizi wa nchi hii ambao rasimu yako wanaikalia mpaka unazaa mtoto wa pili. Mwalimu ninayemfahamu, wa chuo ambacho sitakitaja, alikamilisha kozi zote kwa wakati, kisha akasubiri tarehe ya kutetea tasnifu hadi msimamizi akahamia chuo kingine. Aliyefuata akamwambia abadilishe mada. Huyo msimamizi alikuwepo, yupo, ana ofisi na mlango wenye jina. Hajibu tu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa binti ulikuwa aache kuandikia ofisi za usajili, aandikie watu. Tafuta makala juu ya jambo lako, soma jina la aliyeandika, angalia anafundisha wapi, mwandikie yeye. Muulize: chuo chenu kina njia ya mtandaoni, na utanikubali? Aliwaandikia kadhaa, wa ndani na wa nje. Wengi kimya. Mmoja wa ng'ambo alijibu kwa upole kwamba yeye wanafunzi wa mtandaoni hapewi. Nilimheshimu sana, angalau huyo alisema.

Kisha akajibu mhadhiri mmoja wa chuo cha umma cha humu nchini. Alikawia, nami nilikuwa nimeanza kumsema vibaya. Hakutuma kiungo cha kulipia. Aliuliza: mkondo gani hasa, miti ya unene gani, na kuna kumbukumbu zozote za ukataji wa zamani za kulinganishia? Binti alinisomea ujumbe huo mara mbili. "Mjomba, huyu ana maswali!" Bado hajaamua, kwa sababu tovuti ya usajili ya chuo hicho hufunguka ikipenda, na karo inataka mpango. Lakini swali la kumbukumbu linaweza kuanza kushughulikiwa leo.

Basi kama marehemu babu yako alikuwa na leseni ya mikoko, au alipakia majahazi boriti upande wa Ndau, Kizingitini au Kiunga, na daftari zake za hesabu bado zimo sandukuni, niandikie. Tutazipiga picha hapo hapo nyumbani, mbele yako, na daftari halitatoka mlangoni.