Chupa tupu inarudi, blenda mbovu hairudi

Chini kabisa ya risiti nyingi za Kariakoo kuna mstari mmoja: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Mara ya mwisho nimeusoma nikiwa nimesimama kaunta na blenda iliyoanza kunuka moto siku ya pili. Nilitoka nayo Mbagala, nimeipakata kwenye daladala, na boksi lake. Muuzaji akaniuliza kwa upole, "Kaka, si uliijaribu hapa hapa ukaona inazunguka?" Kweli niliijaribu. Ilizunguka tupu sekunde chache, bila hata tone la maji.

Swali lake lina uzito. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora wa kuuzika, lakini mnunuzi akishakikagua hawezi kudai kwa kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Sasa mota inayoungua ikikutana na barafu na maembe, nani ataiona dukani? Mstari ule wa risiti unachanganya kasoro iliyofichika na ile iliyokuwa wazi, na mzigo wote anabebeshwa mteja.

Hata hivyo nawaelewa wenye maduka. Blenda ile ilikuja ndani ya kontena pamoja na wenzake kwa mamia, wakachangia nauli. Ikirudi, inarudi peke yake. Inataka mtu wa kuipokea, fundi wa kuipima, nafasi stoo. Na kama risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, ilishatoka, hesabu ya VAT irekebishwe. Mwenye duka aliyefuata mzigo Guangzhou, China, hawezi kurudisha kipande kimoja huko. Boksi likishafunguliwa, bei ya mpya imekufa. Na wapo wateja wanaonunua gauni Ijumaa, Jumamosi wakalivaa harusini, Jumatatu wanalirudisha likinukia udi.

Lakini jiji hili linajua sana kurudisha vitu. Tazama duka la mtaani asubuhi gari la soda likifika: kreti yenye chupa 24 zilizojaa inashuka, kreti ya chupa tupu inapanda, gari linaondoka. Mtungi wa gesi nao ni vivyo hivyo, unapeleka mtupu unachukua uliojaa. Mfumo ule unasimama kwa sababu gari lingerudi tupu hata hivyo, kwa hiyo safari ya kurudi haiongezi gharama kubwa. Chupa imewekewa pesa, hivyo kila mtu anaitunza. Na kuikagua ni kuitupia jicho: imepasuka au haijapasuka. Blenda haina hata kimoja kati ya hivyo, na nadhani tatizo letu liko hapo zaidi kuliko kwenye roho mbaya ya wauzaji.

Kwa wanaouza Instagram na kutuma kwa bodaboda, ukaguzi umehamia mlangoni: fungua, angalia, ndipo ulipe. Mteja analindwa, ila akikataa viatu kwa kuwa vinabana, nauli ya boda ya kwenda na kurudi inamwangukia muuzaji, na faida ya jozi ile pengine haifiki nauli hiyo. Ndiyo maana wengi wanadai nauli kwanza. Silaumu hilo.

Lile la blenda liliishaje? Muuzaji alimwita fundi wa ghorofani, akaifungua mbele yangu, akakuta waya wa mota umeungua. Nikapewa nyingine. Fundi alibaki na ile mbovu, jagi na visu vyake bado vizima. Dakika ishirini, basi.

Kwa hiyo naona utaratibu ule ule unaofanyika kwa huruma uandikwe kwenye risiti: siku saba, fundi apime, ubovu wa ndani ubadilishiwe, na gharama ya safari aibebe muuzaji. Aliyebadili mawazo tu ajilipie nauli, na gauni lililovaliwa lisipokelewe. Duka dogo lisilo na fundi wake linaweza kuelewana na jirani, kama wanavyokopeshana chenji na mzigo kila siku. Viatu ndivyo bado vinanisumbua, maana namba 42 ya kiwanda kimoja ni 41 ya kingine. Hapo muuzaji aandike urefu wa soli kwa sentimita chini ya picha, na mteja apime mguu wake kabla boda haijawashwa.