Mtumbwi wa Uani Si Alama ya Umaskini

Katika kikao cha wavuvi kilichofanyika hivi karibuni kwenye diko moja la hapa Tanga, mgeni rasmi alisimama mbele ya watu waliotoka baharini alfajiri, akawaambia kwamba mtumbwi wa mti ni alama ya umaskini na kwamba anaiombea siku ambayo fukwe zetu hazitakuwa na hata mmoja. Watu walipiga makofi, kwa sababu chakula kilikuwa bado hakijagawiwa. Mimi sikupiga, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijibizana naye kichwani, kwa hiyo heri niyaandike yaishe.

Mwaka 1987, mchungaji mmoja aliyekuwa akichimba kisima huko Dufuna, kaskazini mashariki mwa Nigeria, aligonga ubao uliofukiwa ardhini, na wataalamu walipoufukua wakakuta mtumbwi ambao umri wake unakadiriwa kuwa miaka 8,000. Kama hiyo ni alama ya umaskini, basi imedumu kuliko utajiri wowote ninaoufahamu.

Lakini sina haja ya kuutetea mtumbwi kwa sababu ya ukale wake, maana hata ndui ilikuwa ya kale. Ninautetea kwa sababu ndicho chombo pekee cha baharini ambacho mtu wa kawaida wa Kigombe au Tongoni anaweza kukitengeneza uani kwake, akakijua kila unene na kila ufa wake, na kinapoharibika akakirudisha majini bila kumpigia simu mtu yeyote wa Dar es Salaam. Mgeni rasmi alizungumzia mwendo, injini na tani za samaki, ila hakusema lolote kuhusu nani mwenye chombo, na kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza.

Tazameni kazi yenyewe inavyokwenda. Mtu anaanza na mwembe mkubwa uliozeeka, ambao mwenye shamba ameshauchoka kwa kuwa hauzai tena, na anaununua kwa maelewano, pengine kwa fedha taslimu nusu na nusu nyingine kwa samaki wa msimu ujao. Mti huchongwa sura yake ya awali palepale ulipoangukia, kwa sababu gogo zima la mita 5 au 6 halibebeki, na kila kilo ya mbao inayobaki shambani ni nafuu kwa mabega ya watu watakaoliburuta hadi nyumbani. Huko uani, shoka huwekwa pembeni na tezo, kishoka cha kuchongea chenye makali yaliyokingama kama jembe, huanza kazi. Tumbo la nje hutangulia, kisha gogo hupinduliwa na kuanza kufukuliwa ndani, na hapo ndipo unapomtambua fundi na mtu anayebahatisha, kwa kuwa chini panatakiwa pabaki pazito ili pastahimili mchanga na mawe ya pwani, ubavuni pawe pembamba ili chombo kiwe chepesi, na pande zote mbili zilingane bila ya kuwapo kipimo chochote zaidi ya viganja.

Niliwahi kukaa na mzee mmoja aliyekuwa akiifanya kazi hii chini ya mwarobaini wa nyumbani kwake. Nilipomsalimu shikamoo na kumuuliza anajuaje kwamba unene umetosha, hakunijibu kwa maneno, bali aliushika mkono wangu mmoja akauweka ndani ya ubavu na mwingine nje, akavisogeza viganja vyangu taratibu kuelekea tezi, yaani nyuma ya chombo, halafu akasimama mahali fulani na kuniuliza, “Mwanangu, hapa hujasikia kitu?” Sikuwa nimesikia kitu. Yeye alichukua tezo, akaparua maranda machache membamba, akaniwekea mikono tena, na safari hii hata mimi niliitambua tofauti. Maarifa ya namna hiyo hayana cheti, na kwa sababu hayana cheti hayahesabiwi katika ripoti yoyote, na kisichohesabiwa katika ripoti ni rahisi sana kusimama jukwaani na kukiita umaskini.

Baada ya hapo chombo hushushwa majini wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, ili kionekane kinakaaje, na kikilalia upande mmoja hurudishwa uani kupunguzwa uzito. Ikiwa kinafanywa ngalawa, hutiwa matengo, yaani mbao za ubavuni za kukizuia kisipinduke, pande zote mbili, na mtindo huo wa matengo mawili, ambao wataalamu wa historia ya bahari huuhusisha na mabaharia waliovuka kutoka visiwa vya Indonesia kuja Madagaska na Komoro, ndio unaoruhusu mwili mwembamba kama ule kubeba tanga bila kupinduka. Jambo ninalolipenda zaidi ni kwamba viungo vyake hufungwa kwa kamba wala havipigwi misumari. Msumari ungeshindana na wimbi mpaka ukaupasua mti, ilhali kamba hulegea kidogo, huvuta na kurudi, na ikikatika, mvuvi huifunga nyingine akiwa hukohuko baharini. Nyufa hutiwa kalafati, yaani huzibwa kwa pamba inayogongwa ndani, mti hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na tumbo huchomwa kwa makuti makavu ili kuwaua wadudu wanaotoboa mbao, na vyote hivyo hupatikana kwa jirani au chini ya mnazi.

Sasa linganisheni na boti ya faiba. Ikigonga mwamba na kupasuka, inahitaji rezini, dawa ya kuigandisha, mikeka ya nyuzi za kioo, mahali pakavu, na mtu aliyefundishwa kuvichanganya kwa vipimo, na kama kimoja kati ya hivyo kimekosekana dukani, boti inalala. Serikali imekuwa ikitoa boti za namna hii kwa mikopo isiyo na riba, na sina ugomvi na nia hiyo. Ila mkopo usio na riba bado ni mkopo, na petroli haijawahi kuuzwa bila faida. Kusi ikivuma kwa nguvu na watu wakashindwa kutoka, boti inalala ufukweni lakini marejesho hayalali. Mtumbwi uliopinduliwa chini ya mkungu hauna mtu unaomdai. Zaidi ya hayo, boti ya kikundi ni ya watu wengi, na yeyote aliyewahi kukaa katika kikundi anajua kwamba siku ya kugawana mapato wanachama huwa wote wapo, na siku ya kununua mafuta ya injini nusu yao wamefiwa.

Nitakubali, kwa shingo upande, kwamba faiba haiozi, haipasuki kwa jua, inafika kwenye maji ya mbali ambako mvuvi wa kafi hathubutu kwenda, na kwamba mtu mwenye boti nzuri yenye injini na maboya ya kuokolea ana nafasi kubwa zaidi ya kurudi nyumbani hali ya bahari inapobadilika ghafla. Hilo la mwisho ni zito na silifanyii mzaha. Atakayeniuliza kama ningependa mwanangu avue kwa ngalawa au kwa boti yenye injini katikati ya kusi, nitamjibu kwa boti, na sitafurahi kumjibu. Lakini kutoka hapo hadi kutamani fukwe zisizo na mtumbwi hata mmoja ni safari ndefu, na mgeni rasmi aliimaliza kwa sentensi moja.

Wapo wanaosema mitumbwi inamaliza samaki wa karibu na pwani. Katika miaka yote ya uvuvi wa baruti hapa Tanga, miamba yetu haikuvunjwa na kafi.

Hoja ya misitu, kwamba mitumbwi inamaliza miti mikubwa, ndiyo inayostahili jibu. Ni kweli kwamba mvule ni mti mgumu usioliwa ovyo na wadudu, na ni kweli vilevile kwamba haukatwi bila kibali, na iwe hivyo. Sitaki kumwona mtu akiupanda mlima na shoka begani hadi Amani, msitu wa Usambara ambao tangu mwaka 1997 ni hifadhi ya mazingira asilia, kwa kisingizio cha kulinda ufundi wa mababu. Ndiyo maana nazungumzia mwembe, mti unaopandwa na watu majumbani mwao, ambao haudumu majini kama mvule lakini ni mwepesi na unachongeka. Tatizo la mwembe haliko kwa wachonga mitumbwi. Miembe mikubwa ya Pwani inakatwa ikaingia kwenye tanuru za matofali na magunia ya mkaa, na hakuna mgeni rasmi aliyewahi kuliita tofali alama ya umaskini. Tena, miembe tunayopanda badala yake ni ile ya kubebesha, inayozaa mapema ikiwa mifupi ili mtu achume bila kupanda, na sina neno na embe zake, ila hakuna mwili wa ngalawa utakaopatikana katika shina lake. Kila anayepanda miche 10 ya kisasa angepanda na mmoja wa dodo kutoka kokwa, nyuma ya nyumba, amwachie mjukuu wake. Halmashauri inayogawa miche inaweza kulifanya hili bila ya kumwita mfadhili.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Fundi wa mitumbwi anacheza kwao kila siku, na malipo yake ni ujira wa kibarua, ilhali chombo alichokichonga kikizeeka hukatwa katikati na kusimamishwa kwenye baa ya hoteli kiwe kabati la chupa, na hapo ndipo kinapopata bei. Vijana wanaliona hilo, na mimi siwezi kuwalaumu wakichagua bodaboda.

Hata hivyo wapo wachache wanaoniuliza waanzeje, na nitawajibu kwa lile ambalo wengi huliacha. Msikimbilie tezo kabla hamjajenga kibanda cha makuti. Mti uliokwisha kufukuliwa ukipigwa na jua la kaskazi hukauka nje kabla ya ndani na kupasuka kuanzia vichwani, kwa hiyo ufunikeni kwa magunia yaliyoloweshwa kila mnapopumzika, mchonge asubuhi na alasiri, na atakayewaambia kwamba ufa mdogo wa kichwani utazibwa baadaye kwa pamba, mwombeni awe wa kwanza kuupanda.