TB iliyolala: tupime kwanza au tugawe dawa tu?

Jirani yangu alipewa dawa za kinga ya TB kliniki anakochukulia ARV, kufika nyumbani akaziweka juu ya kabati na hapo zikakaa. Namuuliza ananiambia "sasa mi sikohoi, nimeze ya nini?" Na kusema kweli swali lake sio la kijinga.

TB iliyolala ni kwamba vijidudu vimo mwilini ila kinga imevibana, hukohoi wala humwambukizi mtu. Karibu robo ya watu duniani wanavyo, na katika kila 100 kama 5 mpaka 10 ndo vitakuja kuwaamkia. Wengine wote wangezeeka navyo tu bila kidonge hata kimoja, na hapo ndo wanaopinga kugawa dawa wanapata nguvu, maana isoniazidi, dawa yenyewe ya kinga, inaweza kuumiza ini, hasa la mnywaji, sasa unampa mtu mzima miezi 6 ya kumeza kila siku kwa ugonjwa ambao pengine usingekuja kabisa?

Haya, wanasema tupime. Kipimo cha ngozi unachomwa mkononi panavimba kidogo kama umeumwa na mbu, halafu urudi baada ya siku 2 au 3 wasome, nauli mara mbili hiyo, wengi hawarudi. Tena chanjo ya BCG ya utotoni inaweza kukidanganya, na kwa mwenye kinga iliyoshuka kinaweza kusema hana kumbe anavyo. Cha damu BCG haikisumbui lakini ni ghali na kinataka maabara. Na vyote viwili havikuambii nani vitamwamkia, hapo ndo pananikera.

Ndo maana WHO wanasema mwenye VVU, na mtoto chini ya miaka 5 anayeishi na mgonjwa wa TB, wasisubirishwe kipimo, mradi ihakikishwe kwanza hawana TB yenyewe. Hapo niko nao. Ila kumgawia kila mtu, hapana. Migodi ya dhahabu Afrika Kusini walijaribu, matokeo yakatoka 2014: wakati wachimbaji wanameza TB ilipungua, walipoacha ikarudi, maana mgodi ni uleule, vumbi lilelile.

Siku hizi kuna 3HP, isoniazidi na rifapentini, mara moja kwa wiki, dozi 12 umemaliza. Nikamwambia jirani, akafikiria kidogo: "na bia yangu ya Jumamosi?" Hilo ndo lilitakiwa lizungumzwe siku anapewa zile dawa, na anasema hakuna aliyemuuliza.