Majani makavu Dodoma: tuchome au tuache?

Ikifika Agosti, moshi hauishi Dodoma. Uani yanachomwa majani ya mwarobaini na mwembe, shambani mabua, na huko kwenye miombo ya Manyoni pori zima huwaka. Anayeyaacha majani yalale chini ya miti yake huonekana mvivu. Anaonewa.

Wanaochoma wana hoja. Rundo la majani karibu na nyumba ni maficho ya nyoka na nge. Mvua yetu ni kama milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo jani lililodondoka Juni haliozi haraka. Moto wa Oktoba ukilikuta huua hata miche, ndiyo maana watu wa misitu huchoma mapema, Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu. Na mkulima anayeberega, yaani anayefyeka na kuchoma shamba kabla ya kupanda, anajionea mtama ukistawi penye majivu.

Unastawi kweli, maana majivu yana kalsiamu, potasiamu na fosforasi. Lakini naitrojeni? Joto likizidi nyuzi 200 hivi huanza kugeuka gesi na kupaa, na moto wa majani hufika hapo bila taabu. Mti wenyewe huionea uchungu naitrojeni hiyo: kabla ya kupukutisha, huinyonya takribani nusu kutoka kwenye jani na kuihifadhi. Inayobaki ndiyo haki ya udongo, nayo tunaigeuza moshi kila kiangazi, halafu masika tunaingia dukani kununua urea, mbolea ya naitrojeni. Hata hayo majivu, upepo wa Agosti hauyaachi yatulie.

Wala si kweli kwamba majani yamelala bure miezi yote hiyo. Yafunue Septemba: utaona vijiti vimevikwa ganda jembamba la udongo, ukilibandua mchwa wanatawanyika. Wao hawasubiri mvua. Wanachosomba huishia kichuguuni, na wakulima wengi wanajua udongo wa kichuguu ulivyo na rutuba.

Kisha mvua ya kwanza. Miaka ya 1950, mtafiti wa udongo H. F. Birch, akiwa Muguga, Kenya, alionyesha kuwa udongo uliokauka ukilowa, bakteria na kuvu huzinduka na kuachia naitrojeni nyingi kwa siku chache. Udongo wenye mabaki mengi ya mimea huachia zaidi. Aliyechoma kila mwaka ana nini cha kuachiwa?

Tahadhari moja: majani makavu yasifukiwe karibu na kupanda. Yana naitrojeni kidogo, na bakteria wanaoyaozesha huichukua ya udongo, mazao yakawa ya njano. Yatandazwe juu. Uani fagia, ila yapeleke shimoni au chini ya mwembe, mbali na mlango. Porini, moto wa mapema uwe wa vipande vya kukinga, kwa zamu, si wa pori zima kila mwaka.